Makala Aliyoyaondoa Profesa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti, Profesa alifungua kompyuta kutazama ni nani amemnukuu. Wiki nyingine hakukuwa na mtu, na siku hiyo hata chai haikumpita kooni vizuri. Wiki nyingine walikuwepo, naye akaniita kutoka chumba cha pili nilikokuwa nikipanga fomu.

"Zuhura! Njoo uone. Tumesomwa Brazili!"

Alisema "tumesomwa" kila mara, ingawa jina langu halikuwa popote katika makala yake. Sisi wahojaji tulitajwa mwishoni kabisa, katika mstari mmoja wa shukrani, pamoja na madereva na "jamii za Kitui na Makueni kwa ukarimu wao". Sikuwa na uchungu mwingi kuhusu jambo hilo. Nasema mwingi kwa sababu kidogo ulikuwepo.

Waliomjua kwenye mikutano ya wasomi watakwambia alikuwa mnyenyekevu. Ni kweli, na si kweli. Nyanjani alikaa popote alipokaribishwa: juu ya kigoda, juu ya mtungi uliopinduliwa, juu ya gunia la mbaazi. Ofisini alijua kwa kichwa ni mara ngapi kila makala yake yamenukuliwa, na ya wenzake pia, na kama mwenzake amempita hakulificha jambo hilo usoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini hesabu hiyo inamshughulisha hivyo, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Kisichoandikwa hakitibiwi," akasema. "Kule wanakogawa dawa na madaktari, hawajui kwamba kuna mtu Mukuyuni ameshindwa kutoka kitandani tangu mvua za vuli. Wanajua kilichochapishwa. Na kilichochapishwa kisiposomwa, ni sawa na kuongea na ukuta."

Jibu zuri. Baadaye nilielewa kwamba lilikuwa nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba alipenda kutajwa, kama watu wengine wanavyopenda sukari.

Kazi yake ilikuwa kutafiti magonjwa ya akili vijijini: huzuni isiyoisha, wasiwasi, na yale magonjwa makali yanayomfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo. Tulizunguka naye nyumba kwa nyumba, Kitui msimu mmoja, Makueni msimu mwingine, tukiwauliza watu maswali yaliyopangwa kwenye fomu. Watu wengine walidhani tunaandikisha msaada wa chakula. Aliwaeleza pole pole kwamba hapana, na kama mtu aliona hakuna faida akafunga mlango, Profesa aliushukuru mlango uliofungwa, kwa sauti, kisha tukaenda boma lililofuata.

Alinipata Kitui mjini. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti, na nyumbani tulisema Kiswahili cha bibi yetu aliyetoka pwani, lakini nje ya mlango ni Kikamba tangu utotoni. Nilisikia wanatafutwa wahojaji wanaojua lugha zote mbili, nikaenda. Tulikusanywa katika ukumbi wa kanisa, na yeye akaandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza, akatuambia tuitafsiri. Yangu ilikuwa safi kabisa: "Je, umekuwa ukihisi kukosa matumaini?"

"Kiswahili kizuri," akasema. "Hicho ni cha redio. Sasa muulize susu wa kijijini Kabati, ambaye redio yake iliharibika zamani."

Susu ni bibi, kwa Kikamba. Nilifikiri, nikajaribu tena, kwa Kikamba mara hii. Nilisema kitu kama: moyo wako umewahi kukataa kuamka, hata kama wewe mwenyewe umeshaamka? Aliweka chaki chini. Hakunisifu. Aliwageukia wengine akasema, "Swali baya huzaa jibu lenye adabu. Mkumbuke hilo, tutapatana."

Wanafunzi wa chuo walimwogopa, na walikuwa na sababu. Tasnifu ya msichana mmoja ilirudi na neno moja la penseli pembeni mwa kila aya: "Nani?" Nani amesema, nani ameona, nani alikuwepo. Msichana alikuja kulia kwenye chumba changu cha fomu. Nilikwenda kumlalamikia Profesa, naye akanionyesha nakala yake mwenyewe ya kazi ile ile: alikuwa ameisoma mara tatu na kuandika nyuma ya kila ukurasa namna ya kuirekebisha. "Hizi nitampa wiki ijayo," akasema. "Kwanza ajiulize mwenyewe." Hakuona kwamba wiki moja ni ndefu kwa mtu anayelia.

Aliwaogopa mbwa. Mwanamke aliyeweza kuingia boma ambalo kijana wao anarusha mawe, akaketi chini na kuongea naye mpaka mawe yakaisha mkononi, huyo huyo niliwahi kumwona akipanda juu ya tanki la maji kwa sababu ya kijibwa kilichokuwa hakifiki hata goti. Mwenye boma alicheka mpaka akakaa chini. Profesa hakushuka. Alifungua fomu palepale juu na kumhoji yule mzee kutoka kwenye tanki, swali la kwanza hadi la mwisho, na mzee alimjibu yote huku amemshika mbwa shingoni.

Na Ramadhani zote tulizofanya kazi pamoja, hakuwahi kunywa chai mbele yangu. Nilimwambia mara nyingi hainisumbui. Alikuwa akitoka na chupa yake ya chai na kujificha nyuma ya gari, nami nikiwa ndani nikiona kofia yake ikipanda na kushuka dirishani kila alipomeza.

Yeye alikuwa mtu wa kanisa, mojawapo ya yale makanisa ya kiinjili ambako ibada haiishi mpaka sauti zikauke. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Aliimba kwa nguvu na vibaya. Lakini ulipofika wakati wa ushuhuda, watu wakisimama kueleza Mungu amewaambia nini wiki ile, yeye aliinamisha kichwa na kungoja upite. Nataja hili kwa sababu lina uhusiano na jambo kubwa lililompata, ambalo bila hilo pengine nisingeandika habari zake hata kidogo.

Katika fomu yetu kulikuwa na swali lililouliza kama mtu amewahi kusikia sauti ambazo watu wengine hawazisikii. Lilitoka ng'ambo. Lilikuwa limepimwa katika nchi nyingi na halikuruhusiwa kuguswa, hata nukta. Tulipofika sehemu za Kabati, nilianza kuona kitu. Wanawake walipofika kwenye swali lile walitabasamu. "Ndiyo," walisema, bila woga, kama mtu anayeulizwa kama ana watoto. Mmoja aliniambia humsikia Bwana akimwita kwa jina lake la utotoni, wakati wa maombi, tena si mara moja. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Niliweka alama kwenye ndiyo, na pembeni nikaandika kwa penseli: "ni wakati wa maombi", "ana furaha", "si mgonjwa huyu".

Jioni moja nilimwambia. Tulikuwa tumeegemea gari, yeye akifuta vumbi kwenye miwani.

"Profesa, hili swali la sauti linatudanganya. Hawa wanazungumzia Mungu."

"Limepimwa, Zuhura."

"Limepimwa kwingine."

"Tukianza kuligeuza, hakuna jarida litakalotupokea," akasema, akavaa miwani. "Weka alama ulivyofundishwa."

Nikaweka.

Makala yalitoka. Yalisema kwamba sehemu zile zina watu wengi mno wenye dalili za ugonjwa mkali wa akili, wengi kuliko ilivyowahi kudhaniwa, na kwamba hawapati matibabu. Yalinukuliwa kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Jumatatu zikawa sikukuu. Alialikwa nchi ambazo tulikuwa tukizisikia kwenye taarifa ya habari, na chuo kikampandisha cheo. Sisi wa nyanjani tulikuwa tukimwita Profesa kwa heshima tu hapo awali. Sasa akawa profesa kweli. Alituletea keki. Alikata kipande cha kwanza akanipa mimi, nami nikala, nikafurahi, na nikayasahau maneno yangu ya penseli. Hilo nalikiri.

Miaka ikapita, tukarudi Kabati kufuatilia wale wale tuliowahoji. Boma la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mama mmoja mjane, nitamwita Mwaitu Ndinda, yaani Mama Ndinda. Mara ya kwanza alitupikia isyo, mahindi na maharagwe, akatufungia mengine tukale njiani. Mara hii alisimama langoni, hakutukaribisha.

"Nyinyi watu wa fomu," akasema.

"Wakya, mwaitu," Profesa akamsalimu.

Hakuitikia. Tukasimama pale juani, sisi nje, yeye ndani, mpaka mama mwenyewe akaanza.

"Mliniuliza kama nasikia sauti. Nikasema ndiyo. Hamkuniuliza ni ya nani."

Kilichotokea ni hiki. Kanuni za mradi zilisema mtu akionyesha dalili kali, jina lake lipelekwe kwa wahudumu wa afya ili asaidiwe. Nia ilikuwa njema. Mhudumu alikuja na vidonge, akamweleza kwamba majibu yake yanaonyesha ana ugonjwa. Mama aliamini, kwa sababu tulikuwa tumesoma. Vidonge vikamlaza. Alilala kwenye shamba jembe likiwa mkononi, alilala kwenye ibada. Watu wakauliza, jibu likajulikana. Kanisani alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama kwa miaka mingi. Wazee wakamwambia apumzike kwanza, mtu wa akili kama hiyo hawezi kutangulia mbele ya wengine. Kisha mwanawe anayelima Kibwezi akaja na kuwachukua wajukuu wawili wa mama, watoto wa marehemu dada yake, waliokuwa wakilelewa na mama huyu tangu wachanga. Alisema anaogopa. Vidonge mama aliviacha mwenyewe baadaye. Watoto hawakurudi.

"Hii maneno yenu iliniharibia boma," akasema. Halafu akamwuliza Profesa jambo ambalo sikulitarajia. "Wewe kwani huombi?"

"Naomba, mwaitu."

"Na hujawahi kusikia?"

"Sijawahi kujibiwa kwa sauti," Profesa akasema.

Mama Ndinda alimtazama muda mrefu, na nadhani hapo ndipo hasira yake ilipopungua kidogo, maana alisema, "Pole." Lakini lango hakulifungua.

Hatukumhoji mtu mwingine siku ile. Ndani ya gari Profesa aliuliza kitu kimoja tu: "Fomu za zamani ziko wapi?" Nilimwambia ziko kwenye makabati, ofisini. Kwa siku nyingi baada ya hapo alijifungia nazo. Nilipita nikamwona ameinamia meza, kidole kikifuata mwandiko wangu pembeni mwa karatasi.

Hakusema nami kwa wiki tatu, isipokuwa mambo ya kazi. Nilidhani amenikasirikia. Kisha siku ya Jumamosi alikuja dukani kwa baba, ambako hakuwahi kufika. Baba alikimbilia kumletea kiti. Hakuketi. Alisimama kati ya majora ya vitambaa akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikwambia."

"Nilikusikia vizuri kabisa. Usidhani sikusikia. Nilijua pengine unasema kweli, nikafikiria jarida."

Baba, ambaye hakuelewa chochote, alimuuliza kama angependa kanga. Akanunua moja, ya rangi ambayo naamini hakuitazama, akaenda.

Aliamua kuyaondoa makala yale. Kwa wasioijua kazi hii, kuondoa makala ni kuliandikia jarida na kusema mbele ya dunia yote: nilichowaambia si sahihi, msikitegemee. Mkuu wa idara yake alimwita. Nilikuwepo, nimebeba fomu za ushahidi. Alikuwa mtu mpole, wala si mbaya.

"Profesa, si ungeandika tu makala mapya?" akamwambia. "Useme utafiti zaidi umeonyesha hivi na hivi. Kila mtu hufanya hivyo. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya."

"Mhojaji wangu alinionya."

"Hilo halimo kwenye maandishi."

"Limo," Profesa akasema, akanipokonya fomu na kuzitandaza mezani. "Hili hapa. Na hapa. Na hapa. Kwa penseli."

"Makala yale ndiyo yaliyotuletea mradi. Unajua ni watu wangapi wana kazi kwa sababu yake?"

Alijua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Alinitazama, na nitasema ukweli, nilitamani kidogo amsikilize yule bwana. Hakumsikiliza. Aliandika barua ndefu kwa jarida, na pamoja nayo makala mafupi yanayoeleza kosa lilivyotokea, kwa nini swali moja laweza kuwa na maana mbili, na namna ya kuuliza vizuri zaidi. Aliponipa nisome, niliona majina mawili juu, na langu lilikuwa la kwanza.

"Mbona mimi mbele?"

"Wewe ndiye uliyesikia," akasema. "Angalia kama jina lako nimeliandika vizuri. Kuna watu huweka h mbili."

Mradi haukuongezwa muda. Hakuna aliyesema ni kwa sababu hiyo, na hakukuwa na haja ya kusema. Nilirudi dukani, nikawa nafundisha Kiswahili jioni katika shule ya jirani. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na hasira naye. Ukweli ni mzuri, lakini yeye alikuwa na cheo cha kuangukia, mimi nilikuwa na majora ya vitambaa. Nilimwambia hivyo kwenye simu. Akasema, "Ni kweli," na hakujitetea, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Hata hivyo aliponiomba nimsindikize Kabati nilikwenda. Alikuwa amemwomba mchungaji wa kanisa la Mwaitu Ndinda nafasi ya kusema na watu. Alivaa ile kanga ya dukani kwetu juu ya gauni lake. Siku hiyo hakukaa nyuma. Alisimama mbele, bila karatasi.

"Mimi ndiye niliyekuja hapa na fomu," akasema. "Niliwauliza swali, nyinyi mkanijibu kwa ukweli, mimi nikaenda kuandika kwamba ni ugonjwa. Niliandika kote duniani. Nimekuja kusema nilikosea. Mwaitu Ndinda hana ugonjwa niliomwandikia. Wale wengine pia, wengi wao hawana."

Mzee mmoja aliinua mkono. "Kwa hivyo ugonjwa wa akili hakuna? Ni maneno ya wazungu?"

"Aiee, mzee wangu, upo," akasema haraka. "Wapo wanaosikia sauti zinazowatukana, zinazowaambia wajiue. Hao ni wagonjwa, na dawa zinawasaidia, tafadhali msiwafiche. Mimi ndiye nilishindwa kuwatofautisha, kwa sababu niliogopa kuuliza swali moja zaidi."

Mchungaji akashika kipaza sauti kama mtu anayetaka kuomba, kisha akabadili nia, akamwita Mwaitu Ndinda mbele, na wale wazee waliomwondoa wakamsalimu kwa mkono mmoja mmoja. Walimwambia arudi kwenye uongozi. Alisema atafikiria. Alifikiria karibu mwaka mzima, na waliomngoja walingoja. Aliyetangulia kurudi ni mmoja wa watoto, yule mdogo. Mkubwa alikuwa amezoea shule ya Kibwezi.

Baada ya ibada mama alimkaribisha Profesa nyumbani. Alipika. Profesa alikula kila kitu kilichowekwa mbele yake, na hakuna aliyezungumzia fomu.

Ingekuwa vyema niseme mambo yaliishia hapo. Lakini makala, yakishatoka, huwezi kuyaita yakarudi kama kuku. Jarida liliandika juu yake kwamba yameondolewa, tena kwa wino mwekundu, na watu waliendelea kuyanukuu. Walikuwa wakinakili kutoka kwa wengine waliokuwa wamenakili. Niliwahi kumtembelea ofisini, ikawa Jumatatu, nikamkuta mbele ya kompyuta kama zamani, ila hakuniita nione.

"Wawili wapya," akasema. "Mmoja anasema watu wa Kitui ni mfano wa kutisha."

"Na yale yetu mafupi?"

"Yetu?" Akavuta pumzi. "Yapo. Hayamsumbui mtu."

Alimwandikia kila aliyeyanukuu. Barua fupi, yenye adabu: makala hayo niliyaondoa, tafadhali soma haya. Wachache walijibu kwa aibu. Mmoja alimjibu kwamba hesabu yake haiwezi kubadilika sasa, kitabu kimeshakwenda kuchapwa. Wengi hawakujibu. Aliandika hizo barua mpaka mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu, na makala yale aliyoyakana yakabaki kuwa ndiyo yaliyompa jina kuliko mengine yote.

Nilimpoteza kidogo baada ya hapo. Alikwenda kuishi nyumbani kwake karibu na Mukuyuni, tukawa tunapigiana simu sikukuu za dini zote mbili. Mwaka jana, Idi ikapita bila simu yake. Nikapiga, haikushikwa. Baada ya siku chache wifi yake, mwanamke mwenye maneno machache, alinipigia mwenyewe.

"Njoo umwone mtu wako," akasema.

Nilifika mchana. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Profesa alikuwa kwenye kiti, amevaa vizuri, nywele zimechanwa, lakini kwa namna niliyojua si yeye aliyezichana. Maboksi ya vitabu yalikuwa yamepangwa ukutani, utepe wa gundi bado haujafunguliwa. Kwenye meza sahani ya ndengu ilikuwa imefunikwa na nyingine. Niliketi, nikamsalimu, nikamsimulia habari za mjini, na yeye akaitikia "eeh" mahali panapofaa.

"Unanipima," akasema ghafla.

"Nakutazama tu."

"Nakujua. Umetazama sahani, umetazama mapazia, sasa unatazama mikono yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi niambie mwenyewe, nisipime."

Alichezea kifungo cha sweta. "Chakula kina ladha ya karatasi," akasema mwishowe. "Wifi anapika, mimi nasema asante. Nimekuwa hivi tangu mbaazi zilipochanua. Nimetafuta sababu, Zuhura. Sioni. Si kifo, si njaa. Ni kama mtu amezima taa na mimi bado niko chumbani."

"Twende kliniki."

"Ya hapa?" Kwa mara ya kwanza alinyanyua uso. "Wauguzi wa hapa wananijua wote. Kesho soko zima litasema Profesa wa wazimu amepata wazimu."

Sikuamini ni yeye anayesema. Mwanamke aliyewaambia maelfu ya watu kwamba ugonjwa huu ni kama malaria, si aibu. Nikamwambia, "Ungemwambia nini mama wa Kabati akikujibu hivyo?"

"Ningemwambia aende." Akafumba macho. "Kumwambia mtu ni rahisi sana. Sikujua ni rahisi namna hiyo."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alisema, "Kuna Kibwezi," kisha akaenda kumtafutia viatu.

Kwa hiyo kesho yake tukaenda Kibwezi, sisi watatu. Tulikaa kwenye benchi na watu wengine, mama mmoja ana kikapu cha bamia, mzee mmoja anasinzia. Karani alipita na daftari. Alipofika kwetu akauliza jina, akauliza umri, akauliza kazi.

"Mkulima," Profesa akasema, akanikazia macho nisithubutu kufungua mdomo.

Tuliitwa karibu na saa sita. Daktari alikuwa kijana, hakumjua, alisimama mlangoni akasema tu, "Karibu, mwaitu." Nilinyanyuka nimfuate. Profesa akaniwekea mkono begani, akanirudisha kwenye benchi, akaingia peke yake.

Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia kijana akiuliza swali la kwanza. Wifi akanitazama, nami nikashika ukingo wa benchi nisiinuke. Halafu Profesa akaanza kuongea, kwa Kikamba, pole pole. Maneno yenyewe sikuyasikia, na sikujaribu. Nilisikia tu kwamba anaendelea.